Mti wa Plamu Umejibu

Shoga, nimeharibu! Nimeharibu kabisa!

Unaijua ile desturi ya wakwe zangu Waitalia: mti ukichanua bila kuzaa, mmoja anautishia shoka, mwingine anasimama kando na kuujibia. Leo sauti ya mti ni mimi.

Baba mkwe kainua shoka: “Kila mwaka maua tu! Matunda yako wapi?”

Huku ananiangalia tumbo. TUMBO, shoga! Mbele ya ukoo mzima wa hapa mjini Griffith!

Hasira zikanipanda. “Usinikate, baba! Kila nikichanua unanipulizia dawa, nyuki wanakufa wote. Nitazaaje?”



Ningeishia hapo. Sikuishia. “Na nyuki uliyeniletea nyumbani, mwanao Dino, akigusa mto tu anakoroma!”

Shoka likamdondoka mzee.

Mama mkwe, bila hata kuweka kikombe chini: “Kamrithi baba yake.”