Sumaku ya Pini

Jumatano, 4 Juni
Sumaku yangu ya kuokotea pini haionekani mezani pa cherehani. Nimeikuta uani, kwa Profesa. Ndivyo tunavyomwita binti wa mume wangu, na jina limemkaa! Ana unga wa chuma kutoka karakana ya baba yake, na salfa ya njano aliyopewa na mwalimu. Kila kimoja ni elementi, kasema. Kichambue utakavyo, ndani hakuna kingine. Kavichanganya, kapitisha sumaku. Chuma kikanasa, salfa ikabaki.
"Huu mchanganyiko tu. Kila kimoja bado kivyake." Akanitazama. "Kama sisi humu ndani."
Pini nimeziokota kwa vidole. Zimenichoma.

Alhamisi, 5 Juni
Mama yake mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, kapiga simu. Anakuja Jumapili. Profesa akitaka kuhamia kwake, afunge begi. Mume wangu kasema aamue mwenyewe.
Sitaki aende! Basi, nimeandika.
Nimemkatia gauni jingine. Hata la kwanza hajalivaa.

Ijumaa, 6 Juni
Leo mchanganyiko umeingia kwenye kopo, kopo juu ya makaa. Harufu — Mungu wangu! Ukawaka mwekundu, na hata alipouepua ukaendelea wenyewe. Kikabaki kitu cheusi, si chuma wala salfa. Kampaundi! Sasa vimeshikana, kasema, sumaku haivitoi. Akaipitisha.
Ikanasa.
Nikajua atalia. Mimi ningetupa kopo na kumlaumu mwalimu. Yeye kakuna kichwa, kacheka: kazidisha chuma. Kampaundi ina kipimo chake, kinachozidi hakipati wa kushikana naye. Mtoto ana akili huyu, jamani! Na moyo pia.
Nikamuuliza kwa mzaha: chuma kilichozidi ni mimi?
Kafikiri kweli. "Wewe hapana. Magauni."
Tumecheka mpaka baba yake akaja kuchungulia.

Jumapili, 8 Juni
Mama mdogo yuko sebuleni, chai yake imepoa. Begi liko mlangoni, limefungwa. Sijaligusa.
Profesa yuko uani. Kapima upya, chuma kidogo safari hii, na kopo limeshaepuliwa. Mama mdogo kaita: twende, mwanangu, jua linazama.
"Subiri, Mamdogo. Mpaka kampaundi ipoe."
Kisha akaniita mimi. Nilete sumaku.
Ninayo katika mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Nimeuliza mara moja tu kama tayari. Kasema bado ya moto.
Simharakishi.