Mbao za baraza la Mama

Jumanne, Kasese

Yule fundi wa mbao anacheka ovyo. Leo nusura nimfokee, na hana kosa lolote.

Nilimfuata Bwera kuchagua mbao za baraza, maana vile vigae vyangu naving'oa vyote. Vilikuwa vinang'aa kama kioo, wageni wakavisifu, nami nikavimba kichwa. Mama alipokuja kutoka Karambi mvua ilikuwa inanyesha. Akavua viatu chini ya ngazi ili asinichafulie. Nilisimama mlangoni nikicheka: "Mama, panda navyo tu!"

"Hapana mwanangu, huku ni safi mno."

Hatua ya pili akateleza. Akavunjika nyonga.

Fundi alinionyesha mbao za plastiki zilizoanikwa juani. Niliweka kiganja, nikakiondoa haraka. Mbao ya kalitusi nayo inapinda, inatoa vibanzi. Nikachagua mvule, isilainishwe sana.

"Hii haitelezi," akasema. "Mvua inyeshe namna gani, mama iko anatembea tu, hata bila viatu."

Akapanga kuacha nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao, maji yapite. Nikamwambia apunguze.

"Juu ya nini? Maji itabaki pale!"

"Magurudumu ya kiti chake yatakwama."

Kicheko kikakatika. Akachomoa kalamu sikioni, akafuta alama zake, akapima upya.

Kesho anakuja kubomoa ngazi, aweke mteremko. Kabla hajafika lazima niondoe vile viatu. Bado viko pale pale Mama alipovivua.