Baba Mkwe na Kopo Jipya la Chumvi

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako kabla sijapoteza ndoa au usingizi, kimojawapo, maana mimi ni mwalimu wa kemia, bado kijana, na mkuu wa idara yetu ni baba mzazi wa mke wangu, yeye ndiye aliyeniombea kazi hapa, kwa hiyo naishi kwa adabu nyumbani na shuleni.

Sasa kila muhula baba mkwe huwapima wanafunzi kwa jaribio lile lile, anawapimia chumvi iitwayo kloridi ya kalsiamu, wanaiyeyusha, wanaongeza kabonati ya sodiamu, unatulia unga mweupe chini, wanauchuja, wanaukausha, wanaupima, na ukiwa umetia moja ya kumi ya moli, kile kipimo chetu cha kemia, unapata unga gramu kumi. Hesabu anaijua usingizini: kalsiamu arobaini, klorini mbili za thelathini na tano na nusu, jumla mia moja na kumi na moja, basi moja ya kumi ni gramu 11.1. Lakini muhula huu kopo la zamani liliisha likaja jipya, na lebo inasema wazi kwamba chumvi hii imefungamana na maji, molekuli mbili kwa kila moja ya chumvi, hivyo moli moja ina uzito wa gramu 147, si 111, naye kwa mazoea akapima 11.1 zake zilezile, robo nzima ikiwa maji matupu!

Wanafunzi wakapata gramu saba na nusu. Wajanja waliosikia kwa waliowatangulia kwamba jibu ni kumi wakaandika kumi wakapata alama zote, ila binti mmoja, wenzake humwita Hakimu kwa vile hajui kudanganya, akaandika 7.5, akapewa sifuri na maneno "mikono mizembe", na jina lake linapelekwa kwenye kikao cha walimu aondolewe mkondo wa sayansi. Alinifuata akaniuliza: "Mwalimu, nimepima mara tatu. Nimekosea wapi?" Nikamjibu nitaangalia. Nilipomweleza mke wangu akaruka, "Umuumbue baba yangu? Thubutu! Utarudi kulala kwa mama yako." Shangazi, kunyamaza sitanyamaza, hilo nimeshaamua, ila nianzie wapi?

Mkwe Kijana

Mkwe Kijana, barua yako imeruka foleni kwa sababu ya hicho kikao. Pole kwa kubanwa, kweli umebanwa. Lakini "nitaangalia"? Uangalie nini na lebo umeshaisoma? Hapo ulinikera, tena sana.

Mimi kemia ilinishinda nikiwa msichana, ila hili naelewa: ukipimiwa mchele uliolowa, sehemu ya kilo yako ni maji, na muuzaji hawezi kukugombeza eti umepika kidogo. Mkwe wako si mtu mbaya. Amezoea, basi. Mtu aliyezoea humtoi kwa kumnyooshea kidole mbele ya walimu wenzake, atakakamaa tu.

Kwa hiyo mwahi maabara asubuhi akiwa peke yake. Msalimie kwa heshima zake zote, kisha umwambie, "Baba, naomba tuikaushe pamoja chumvi ya kopo jipya." Apime yeye mwenyewe, gramu 14.7. Iwekeni kwenye kibakuli juu ya moto mpaka uzito ugome kushuka. Itabaki kama 11.1, namba yake mwenyewe, na mtu aliyefundisha miaka yote hiyo ataelewa bila hotuba yako. Funga mdomo hapo. Mwachie yeye alitangaze kosa, alirekebishe, na darasa zima lirudie jaribio, pamoja na hao mafundi wa kuandika kumi. Wao nao wana la kujibu.

Akikataa? Mwambie usoni, kwa upole, kwamba unakwenda kwa mkuu wa shule na kopo lako, halafu nenda kweli, kabla ya kikao. Usimzunguke.

Mkeo naye mweleze hivi: "Simuumbui baba yako, nataka kumwahi kabla hajaumbuliwa na mtu baki." Mficha maradhi kifo humuumbua, na lebo ile kila mtu anaweza kuisoma. Akinuna, mwache anune. Mke anayempenda baba yake ni mke mwema, atatulia.

Ila usianze na mkwe. Leo hii, kabla ya kengele ya mwisho, mtafute huyo binti umwambie, "Ulipima sawasawa." Hilo halihitaji ruhusa ya ukweni.