Hibiskasi ya Dirishani

Bombambili,
S.L.P. 1187,
Songea.
10 Machi 1997

Mpendwa dada Wema,

Shikamoo. Hamjambo huko Tunduru? Mguu wa shemeji Kassian umepona? Na watoto wameacha kukohoa? Huku tu wazima, ila mimi nimekuwa kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia: nakaa, nainuka, nakaa tena. Hata barua hii naiacha kila mara nikachungulie dirishani. Nitakueleza.

Kwanza asante kwa kunihifadhia Osmund. Najua mume wa mdogo wako si mzigo mwepesi, hasa huyu akishaanza habari za mawe ya thamani. Tangu ushirika ulipompunguza kazini hana wimbo mwingine. Sasa ameniandikia niuze nyumba, nifungashe, nije tuanze upya huko. Jamani! Nyumba yenyewe hatujaikalia hata mwaka. Miaka yote tumekaa kota za watu, leo tumepata pa kwetu, ati niuze.

Hujaiona, dada. Tulipohamia uwanja ulikuwa udongo mwekundu mtupu, hata panzi hapiti. Nikapagawa. Nikaenda Peramiho kuomba vipando kwa masista, nikapanda kanna, mawaridi, na hibiskasi chini ya dirisha la chumbani. Nikaweka maji kwenye kipande cha chungu kilichovunjika. Jirani yangu Mwanne akawa ananicheka, ati nafuga nyoka. Nyoka sijamwona. Waliokuja ni vipepeo, nyuki, vyura wenye kelele za ajabu, na kale kandege kembamba ka mdomo uliopinda, kanakofyonza maua. Kakaanza kujenga kwenye hibiskasi! Nikawa naamka kukaangalia kabla hata ya kusali, Mungu anisamehe.

Barua ya Osmund ikanikuta hapo. Nikafungasha nusu ya vyombo, nikavitoa, nikafungasha tena. Nikimfuata, nyumba imekwenda. Nisipomfuata, ndoa je?

Juzi kaja mama mkwe kutoka Mpitimbi. Kumbe Osmund kamtuma anisaidie kufunga mizigo. Unamjua mama yule: akifika kwa mtu, jembe kwanza, chai baadaye. Kwake uwanja wenye majani ni aibu ya mwanamke wa nyumba, na nyumba ya kumwachia mtu mwingine lazima iachwe uwanja mweupe. Jana natoka misa ya kwanza, namkuta na jembe, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha. Kanna zote chini. Mawaridi chini.

"Nimekusafishia, mwanangu," akasema. "Asije mnunuzi akakusema."

Nililia pale pale na kitenge changu cha kanisani. Ndipo nikaona hibiskasi imesimama peke yake, na jembe limepita mbali nayo. Nikamuuliza mbona hii ameiacha.

Akanitazama kama mimi ndiye mshamba. "Ina mwenyewe hiyo. Amelalia mayai, nimfukuze aende wapi?"

"Na mimi, mama?"

Akaegemeza jembe ukutani, akainama, akaanza kuokota mashina ya kanna kwenye taka. Leo asubuhi tumeyarudisha ardhini sisi wawili, mvua inatunyeshea. Mawaridi sijui kama yatapona. Habari za mwanawe hakuzigusa, nami sikumchokoza. Ila vyombo kavifungua mwenyewe, kapanga masufuria yangu mahali pasipo pake, nami nimemwacha.

Kwa hiyo, dada, hapa msomee Osmund kwa sauti: nyumba siuzi. Nampenda, nina hasira naye, na namngoja. Basi linaloleta watu Tunduru linarudi Songea vilevile. Akinuna mpe chai, akibisha mwambie mama yake yuko upande wangu.

Mama mkwe anawasalimu sana, na Mwanne pia, ambaye sasa anaomba shina la kanna! Nisalimie shemeji Kassian, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde na barabara zile na matope yake.

Wako akupendaye, hata akikusumbua,
Aurelia

N.B. Nimetoka dirishani sasa hivi. Makinda yameanguliwa! Mwambie Osmund awahi kabla hayajaruka.