Mganga wa Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimeshona sketi mbili za shule, ya tatu uzi ukaisha. Nikafungua gemu kwenye simu. Nimemrudia Mganga wangu, mhusika niliyemtelekeza mwaka jana nikakimbilia wa upanga kama kila mtu. Hakuna anayemchagua. Haui hata kuku. Kazi yake ni kumsogelea mwenzake aliyejeruhiwa na kumgusa mpaka apone. Nilikuwa nimemkumbuka, masikini, na kikapu chake cha majani.

Jumanne, 10 Machi
Sababu ya kumrudia naiandika hapa tu. Baba mkwe. Tangu avunjike mguu yuko ndani, nyumba ya ng'ambo ya migomba, hasemi na mtu. Mume wangu Lusajo akamwekea gemu hili hili kwenye simu, mzee akachangamka. Sasa zimwi la darajani linamuua kila siku. Jana kamwambia Lusajo alifute gemu, yeye kazeeka. Anachohitaji ni mganga. Lusajo hana muda. Nimebaki mimi.

Na mimi ni mkwe. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe, hamtazami, hali naye. Kanisani wanasema ni mambo ya zamani. Nyumba hii bado tunayashika. Ila kwenye gemu nina jina la kubuni. Hatajua.

Jumatano, 11 Machi
Tumecheza. Anaingia vitani kama ndama aliyekata kamba. Nimemgusa mara nne, tukitazamana. Zimwi lilibakiza kidogo tu lianguke.
Nampenda huyu mzee. Sijawahi kumwambia mtu.

Alhamisi, 12 Machi
Mdomo wa Lusajo hauna breki. Jina langu la gemu analijua, basi kamwambia baba yake, tena anacheka: "Baba, huyo mganga wako si mkweo?" Mzee kazima simu.
Nimegomba mpaka ugali ukaungua.
"Mama Neema, si katuni tu zile?" ananiuliza Lusajo.
Katuni! Nimemgusa baba mkwe mara nne.

Ijumaa, 13 Machi
Hakuingia. Mama mkwe anasema anatazama dari tena, chai hajaigusa. Nimemharibia kitu pekee kilichokuwa kinamwamsha. Naona aibu, na huruma imezidi aibu. Bora ningebaki na upanga wangu.

Jumamosi, 14 Machi
Mvua imekatika saa tisa alasiri. Nikaingia kwenye gemu bila matumaini.
Yuko darajani. Kachakaa, uhai umebaki kidogo. Nikasimama mbali. Nikajua akiniona tu ataondoka.
Hakuondoka. Akageuka taratibu, akanipa mgongo, akatulia.
Nilielewa. Machozi yakanitoka hapo hapo kwenye cherehani. Nikamsogelea kwa nyuma, nikamgusa bega. Kumbe hata namna hiyo mtu anapona.
Tukalivaa zimwi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, bila kutazamana hata mara moja. Likatuua wote wawili.
Ng'ambo ya migomba nikamsikia mzee anacheka.