Fundo la Babu kwenye Bomba

Kambi ya Mkonge, Tanga

Kwa Bibi, mke wangu wa Issuna,

Shikamoo. Mdogo wangu Salome akikusomea hapa, itikia kwa sauti, nisije nikawa nimesalimia ukuta. Mguu unaendeleaje? Na uwele wa shamba la kijiji, ndege wamewaachia chochote? Mimi afya ninayo, ila ugali wa huku ni mwepesi. Hujamaliza kunawa, tumbo linauliza tena.

Hapa karakana sasa wananiita fundi. Usicheke. Mtihani wa darasa la nne ulinikataa, lakini bomba halijawahi kuniuliza cheti. Nikishika spana, wenyeji wanasema huyu wa Singida alizaliwa nayo mkononi.

Bibi, simu ya msiba ilinifikia mmeshamzika Babu. Nilikwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Akauliza, "Ni baba yako?" Nikasema ni baba wa baba. Akasema, "Babu si baba. Rudi kazini." Nikarudi. Siku ile nilikaza koki moja mpaka ikavunjika shingo, na hakuna aliyenigombeza.

Salome ameniandikia kwamba mazishi yalikuwa kimya. Hakuna mjukuu aliyevaa koti la Babu akatembea kama yeye, akawadai waombolezaji tumbaku. Kazi ile ya utani, ya kuwachekesha wafiwa, ilikuwa yangu, na mpaka leo inaniuma.

Tena ameandika habari ya bomba la nje. Kwamba linavuja mpaka uani pamekuwa tope la bata, na mjumbe wa nyumba kumi amesema lisipotengenezwa litahamishiwa kule shuleni. Kwamba Yohana, fundi wa kijiji, alipokuja ulimfukuza kwa mwiko ukisema, "Alichofunga mume wangu hakifunguliwi na mtu." Bibi, kwa mguu huo, utabeba ndoo toka shuleni mpaka nyumbani?

Najua hakuna anayeweza kukuambia neno. Yohana akisema kazi ya marehemu ilikuwa mbaya, amemtukana marehemu. Mjumbe naye hivyo hivyo. Lakini mimi ni mjukuu, mtani wake, nina ruhusa. Basi kaa vizuri, nifanye leo kazi niliyokosa kuifanya makaburini.

Babu hakujua bomba. Alijua ng'ombe. Lilipoanza kuvuja, alilifunga tyubu ya baiskeli kama anayefunga mguu wa ndama. Akaona haitoshi, akachana shuka lake, lile ulilomnunulia wewe, akazungushia na kukaza fundo kwa meno, na meno yenyewe unajua yalivyokuwa yamebaki. Nikamwuliza, "Babu, kwani bomba linaona baridi?" Akanijibu, "Nyamaza wewe, unataka kuninyang'anya mke na akili huna." Maji yakaendelea kutoka. Akaketi kwenye kigoda akilitazama, halafu akasema, "Sasa angalau linavuja kwa adabu."

Fundi gani huyo, Bibi? Hata bata walikuwa wanamcheka.

Ugonjwa wa bomba haukai nje. Uko ndani, ni kampira kamoja kadogo kama kifungo cha shati, kamelika. Kapya nimekaweka humu kwenye bahasha. Yohana akianza, afunge kwanza koki kubwa kule kwenye tangi, asije akakuogesha na nguo zako.

Nilipoandika hayo ya adabu nilicheka peke yangu. Wenzangu wa chumbani wakauliza kuna nini, nikashindwa kuwaeleza. Niliyetaka kumwambia ni yeye.

Nisalimie Baba, ambaye najua ndiye aliyetangulia kutupa udongo siku ile. Nisalimie Mama, na Shangazi mpika togwa, na Baba Mdogo anayechunga mbuzi za kijiji. Salome naye salamu zake, na aache kuruka mistari ninapomsema.

Sasa mwite Yohana, na mwiko uuache jikoni. Mwambie mjukuu wa marehemu amesema fundo lifunguliwe. Tyubu aitupe. Kile kipande cha shuka kifue, ukianike, ukiweke. Ukitaka kulia wakati anafungua, lia, Bibi, lakini kaa pembeni kidogo usimlowanishie spana.

Mimi mjukuu wenu,
Ntandu