Kifungo cha Shati la Jenifa

Kipalapala,
Tabora.
Jumapili, 21 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Damas,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mtwara, na kile kikohozi cha tangu Pasaka kiwe kimekuachia. Sisi tunapumua kwa neema yake Mungu. Shemeji yako Eustace goti linamsumbua, lakini baiskeli bado anapanda. Joto limeanza, na vumbi ndiyo hili la Septemba unalolijua.

Utashangaa kupata barua wakati tumeongea juzi tu. Uliniuliza Jenifa anaendeleaje, nikakujibu hajambo, anakula, anasoma. Nilikudanganya, Damas. Nimekudanganya tangu Januari. Nikisikia sauti yako kwenye simu ujasiri unaniishia, ndiyo maana leo nimetoka misa ya kwanza nikakaa na karatasi.

Mtoto wako anatapika kila asubuhi ya shule. Alianza wiki ile ile tulipoanza kuchuma tumbaku. Wewe umekulia humo, unajua mtu akishika majani yenye umande anavyolewa, kichwa kinazunguka na tumbo linapinduka. Nikasema amelewa tumbaku. Nikamkataza kusogelea shamba, nikamwogesha kwa sabuni, nikampa maziwa, nikamvalisha sare aende shule. Kesho yake akatapika tena. Nikasema basi ni harufu ya kwenye bani la kukaushia.

Tumbaku tukakausha, tukafunga, tukauza, mabua tukang'oa. Mwezi wa saba hapakuwa na jani bichi hata moja kijiji kizima, na mimi bado nasema tumbaku.

Shuleni wenzake walimwita Mama Mtarajiwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili. Alikuwa anarudi nyumbani peke yake, anazunguka kwa nyuma, njia ya visimani, ili asikutane nao.

Nikaona hili ni la kiroho. Kila Jumatano nilimpeleka kwenye jumuiya, anapigishwa magoti katikati yetu, nami namwambia kwa mdomo wangu, "Kuna jambo unaficha. Litubu, Mungu atakuponya." Miezi mitatu. Akaacha kuongea, ila ndiyo na hapana.

Tena kulikuwa na ugomvi wa kifungo. Shati lake la shule halina kifungo cha shingoni. Nikishona, kesho nakuta kimekatwa. Nimeshona mara nne. Mara ya nne nilimchapa. Tangu hapo anafunga kwa pini.

Mwezi wa nane walikuja watu wa afya kuwafundisha wazazi na walimu namna ya kuwatunza watoto walioumia moyoni. Jumamosi tatu, ukumbi wa parokia. Nilikwenda shingo upande. Muuguzi aliyetufundisha, anaitwa Julieth, alimkalisha kila mzazi na mwalimu benchi moja, kila mmoja aseme kosa alilomfanyia mtoto, mwenziwe anyamaze. Mimi nilipewa Mwalimu Ngassa, anayemfundisha Jenifa, lile jitu refu. Alishika kofia yake akasema, "Mama Fikiri, watoto walipomwita lile jina, na mimi nilicheka. Nikamwambia nitamletea kanga za uzazi." Zamu yangu ilipofika nikasema habari za Jumatano. Hatukuweza kuangaliana.

Julieth akatuambia, "Msikimbilie sababu. Andikeni saa, na mtoto alikuwa anafanya nini. Akitaka kusema, nyamazeni mpaka amalize." Unanijua mdogo wangu, hata padri akihubiri mimi namjibu moyoni. Lakini nilinunua daftari. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, anavaa shati, katapika. Jumanne, vilevile. Jumamosi hakutapika, alifagia uwanja wote. Jumapili hakutapika. Jumapili iliyofuata wanafunzi waliambiwa waje misani na sare, akatapika. Hapo ndipo nilipoona kwamba siyo shule, ni shati.

Alhamisi iliyopita nilikaa kitandani kwake, shati mapajani, sikumwambia vaa. Jogoo wa jirani akawika mpaka akachoka. Ndipo akasema, "Shangazi, mama aliniambia nisubiri."

Asubuhi ile ya msiba kule Nzega kifungo kilikuwa kimekatika. Wifi yangu Recheli, Mungu amrehemu, alikuwa na sindano mkononi. Akamwambia ngoja nikushonee. Jenifa akajibu kwa hasira, "Unanichelewesha, mama," akakimbia shingo wazi. Aliporudi mchana akakuta watu uani. Anasema kifungo kilikuwa kitandani, na sindano imeshatiwa uzi. Anasema angesubiri, mama angemwambia kwamba anaumwa.

Halafu akasema, "Hata baba alisema."

Damas, siku ya mazishi uliposhuka kwenye basi ulimshika mabega ukamwambia, "Ungebaki na mama yako siku moja tu." Huenda hukumbuki. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nawe. Nilisikia, nikajisemea ni maneno ya msiba, nikaenda kukoroga uji.

Sikuandikii kukulaumu. Wewe ulisema mara moja ukiwa umechanganyikiwa. Mimi nilimwambia mtoto anayeamini amemuua mama yake kwamba atubu, mbele ya watu, kila wiki. Nimeungama, na padri amenifungulia dhambi, lakini usingizi bado siupati.

Nilimweleza Jenifa kwamba daktari alisema ni presha, hata angebaki isingesaidia. Alinisikiliza kwa adabu akajibu, "Ndiyo, shangazi," kama anavyojibu katekisimu. Haniamini. Mwalimu Ngassa amekuja hapa nyumbani kumwomba radhi, naye alijibiwa hivyohivyo. Neno la baba yake sisi hatuwezi kulitoa.

Nakuomba uje. Simu haitoshi. Omba ruhusa hapo kazini unapolinda, waambie ni msiba, maana ni ule ule haujaisha. Julieth amesema atakaa na wewe kwanza, kisha wewe na mtoto. Usije na nguo wala biskuti.

Ijumaa uliponipigia nilikuwa nayajua yote haya, na bado nikakwambia anakula. Unisamehe.

Eustace anakusalimu. Fikiri naye, sasa anakata magogo ya mizinga ya nyuki na baba yake. Msalimie Benjamini unayeishi naye, na uwashukuru wanajumuiya wa huko kwa rambirambi zao.

Ndani ya bahasha utakuta kifungo cheupe, nimekikunja kwenye karatasi ya daftari. Ndicho chenyewe, kile cha Nzega. Muda wote alikuwa amekishonea ndani ya mto wake. Nilipomwambia nakuandikia alikwenda akaufumua, akanipa. Akasema, "Mpe baba. Akija aje nacho."

Sindano na uzi vipo hapa.

Bwana akulinde njia nzima, na Mama Maria akushike mkono utakaposhuka hapa. Jenifa anakuamkia, shikamoo baba. Nimemuuliza niongeze nini, akasema hiyo tu.

Wako akupendaye,
dada yako Josepha